Fremu ya Mbuyuni

*Kikundi cha familia, Moshi*

Baba Mkubwa: Kelvin, nasikia unataka kutoa cherehani ya viatu ya babu kwenye fremu ya duka ya Mbuyuni uweke magemu?

Kelvin: Shikamoo baba mkubwa. Ni kweli, PS (PlayStation) mbili tu za kuanzia.

Baba Mkubwa: Marahaba. Fundi viatu na magemu wapi na wapi?

Kelvin: Kuna kampuni ya Coleco ya Marekani. Walianza 1932 wakiuzia mafundi viatu ngozi. Jina lenyewe ni kifupi cha Connecticut Leather Company. 1982 wakatoa mashine ya gemu, ColecoVision, unainunua na gemu la Donkey Kong ndani.

Mama Neema: Yaani wametokea kwenye soli 😂

Baba Mkubwa: Sasa hivi wako wapi?

Shangazi: Kelvin unaandika unafuta, tunakuona.

Kelvin: Walifilisika 1988. Lakini Mattel, wale wa Barbie, wapo! Nao waliwahi kutoa mashine ya gemu, na 1945 walianza na fremu.

Baba Mkubwa: Fremu mtaa gani?

Kelvin: Fremu za picha, baba mkubwa. Vipande vya mbao vilivyobaki wakachongea samani za wanasesere.

Joshua: Waambie na Sega, nao ni kampuni ya magemu. Honolulu, 1940, mashine za kamari za kambi za jeshi.

Kelvin: Joshua nyamaza.

Baba Mkubwa: Madubwi! Nilijua tu.

Shangazi: Na hao Sony wenye PS?

Kelvin: Mwanzoni kabisa walijaribu chombo cha umeme cha kupikia wali. Pipa la mbao. Wali ukitoka si mbichi ni bokoboko.

Shangazi: Kama wa Krismasi iliyopita.

Mama Neema: Wifi, nimeiona hiyo.

Kelvin: Baba mkubwa, sikia hii ya mwisho. Nintendo, Kyoto, 1889. Mzee Fusajiro Yamauchi alikuwa anatengeneza karata za maua kwa mkono. Wamepita kwenye vichezeo vya watoto, wakafika kwenye gemu, na karata zile wanauza mpaka leo.

Baba Mkubwa: Mpaka leo?

Kelvin: Mpaka leo.

Baba Mkubwa: Hao nimewaelewa. Cherehani inabaki pale dirishani, na fundi wake anabaki. Wewe kaa nyuma na TV zako. Umeme utalipa wewe.

Kelvin: Asante sana baba mkubwa 🙏

Shangazi: Viatu vyangu vyeusi viko hapo tangu Pasaka. Atakayepita avichukue kabla hamjavichezea gemu.