Jino la Sudi

*Jumamosi, saa 1 jioni*

Mama Sudi: Assalaam alaykum. Shikamooni wakubwa. Jamani hebu nitazamieni hiyo picha. Jino la mbele la Sudi, la juu, limegeuka kijivu. Jana nilidhani ubuyu.

Shangazi Rehema: Wa alaykum salaam, marahaba. Mbona kama limeungua? Mtoto unampigisha mswaki wewe?

Mama Sudi: Shangazi, asubuhi na usiku! Leo nimelisugua mpaka kalia. Halitoki.

Wifi Halima: Pipi hizo.

Mjomba Kassim: Au maji ya huku Arusha. Si mlikaa wiki nzima kwangu? Meno ya watu wa huku mnayajua.

Mama mdogo Tatu: Shikamoo kaka. Hapana. Maji ya huko yana madini ya floraidi nyingi kweli, ila inaharibu jino likiwa bado linajengeka chini ya ufizi. Likishaota, hata ulitie kwenye pipa halibadiliki. Na madoa yale huja meno mengi kwa pamoja, ya kahawia. Hili ni moja, kijivu. Huyu kajigonga. Lini?

Mama Sudi: Hajajigonga Tatu, ningejua.

Shangazi Rehema: Aulizwe dada wa kazi.

Baba Sudi: Dada yuko kwao tangu mwezi uliopita, msimsingizie.

Mama mdogo Tatu: Rangi haiji siku ileile. Rudini nyuma wiki mbili, tatu.

Wifi Halima: Wiki tatu si mlikuwa Arusha harusini? 🤔

Mjomba Kassim: _Ujumbe huu umefutwa_

Wifi Halima: Tumeuona.

Bibi: _(sauti)_ Kassim mwanangu, sema.

Mjomba Kassim: Mama shikamoo. Siku ya kupamba ukumbi mliniachia mtoto. Akapanda kochi, akateleza, akagonga mdomo kwenye meza ya kioo. Damu kidogo tu. Nikampa aiskrimu akanyamaza. Mpira ulikuwa dakika za mwisho.

Mama Sudi: Kaka!!! Nimemsugua mtoto jino lililoumia!

Mama mdogo Tatu: Aiskrimu hukukosea, baridi inapunguza uvimbe. Ila ungesema siku ile tungeangalia kama jino lilisogea au linacheza. Dada, linacheza sasa?

Mama Sudi: Halichezi. Anakula, mahindi ya kuchoma tu ndiyo anatafunia pembeni.

Mama mdogo Tatu: Basi tulia. Damu imevilia ndani ya jino, kama mtu akigongwa paja likawa jeusi. Kwenye jino haina pa kutokea. Mengine hung'aa tena baada ya miezi, mengine hugeuka manjano, mengine hubaki hivyo mpaka yang'oke yenyewe.

Bibi: _(sauti)_ Si mling'oe tu, arushe juu ya bati aombe jipya.

Mama mdogo Tatu: Bibi, ana miaka miwili! Jipya linakuja kwenye miaka 6 au 7. Rangi peke yake si sababu ya kung'oa.

Shangazi Rehema: Nimpakie mafuta ya karafuu? Ninayo ya Pemba.

Mama mdogo Tatu: Shangazi weka kwa ajili ya wali. Mafuta yale yanaunguza ufizi wa mtoto. Dada, mswaki laini, polepole, mahindi ya kuchoma acha kwanza. Akilalamika, parasetamo ya maji kwa kipimo cha uzito wake, aspirini usimpe. Na kila siku inua mdomo wa juu utazame ufizi. Ukiona kijipu kama chunusi, usaha, uvimbe, au jino limeanza kulegea, au homa, usinisubiri mimi, nenda siku hiyohiyo.

Mama Sudi: Na kama hakuna?

Mama mdogo Tatu: Jumatatu mpeleke kwa daktari wa meno hata hivyo, apige eksirei. Jino la ukubwani limelala pale pale juu ya mzizi wa hili, uozo wa huku waweza kuligusa. Na siku nyingine likitoka lote, msilirudishe kwenye shimo. La mtu mzima ndilo linalorudishwa, la utoto halirudishwi, mtaliumiza lile la ukubwani.

Baba Sudi: Hilo sikujua. Mimi ningelirudisha na gundi.

*Jumatatu, saa 8 mchana*

Mama Sudi: Tumetoka. Alilia wakati wa eksirei mpaka foleni nzima ikamwonea huruma. Mzizi haukuvunjika, ufizi mzuri. Turudi baada ya wiki sita.

Shangazi Rehema: Alhamdulillah.

Mjomba Kassim: Nimekutumia elfu hamsini ya eksirei na nauli. Nisamehe dada.

Mama Sudi: Imefika, ahsante. Na ile meza ya kioo?

Mjomba Kassim: Nimeihamishia stoo.

Bibi: _(sauti)_ Na tivii?