Naomba ushauri: kupikia wazee wa mtaa chakula cha pamoja, Tukuyu

Wakuu habari, na wakubwa shikamooni.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinataka kuanza kupikia wazee wa mtaa chakula cha mchana mara moja kwa wiki. Rungwe hii vyakula vipo: ndizi, viazi, maharage, parachichi, maziwa. Ila mzee akibaki peke yake anashinda na chai na kiazi, hana hamu ya kuwasha moto. Wataalamu wanashauri mzee apate angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 55 hafiki huko kwa ndizi, hata amalize sufuria.

Wengi meno hayapo. Tumefikiria kuponda maharage, kuunga karanga za kusaga, na kusaga usipa wa Kyela (dagaa wa Ziwa Nyasa) humo humo. Wenye presha na sukari je? Mnapika chungu kimoja chenye chumvi kidogo, au mnawatenga?

Halafu kuna wasioweza kupanda hivi vilima, hasa masika. Kuwapelekea kwenye hotpoti naona kunaua lile la kukaa na kupiga soga, na ndilo linalowafanya wale.

La mwisho ni michango. Babu mmoja kasema hali bure kama mgonjwa, ataleta mkungu wake. Mimi namuunga mkono, wenzangu wanaona aibu kupokea.

Aliyewahi kuendesha jambo kama hili, naomba uzoefu wako, hasa hilo la chumvi.