Mjadala: Kama Mawenzi ina kilele cha Hans Meyer, Muini Amani wa Pangani ana nini?

Ndugu zangu, ubishi wa nani alifika wa kwanza kileleni Kibo, sehemu ndefu kuliko zote ya Mlima Kilimanjaro, hauishi. Kuna wanaosema ni Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller, tarehe 6 Oktoba 1889, basi. Wengine wanasema Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu, alikuwa nao mpaka juu, kwa hiyo naye ni wa kwanza. Mimi naona pande zote mbili zimekubali kipimo kibovu: kwamba asiyekanyaga kilele hastahili jina mlimani.

Meyer mwenyewe aliandika kwamba waliofika juu ni wawili. Simulizi za Marangu zinampa Lauwo nafasi kubwa zaidi, na nazielewa. Lakini katika maandishi ya Meyer yupo Mwafrika mwingine, anatajwa kwa jina, na hatumzungumzii kabisa: Muini Amani wa Pangani.

Tuangalie kazi yenyewe. Mwaka 1887 Meyer alifika kwenye barafu akashindwa. 1888 hata mlima hakuufikia. Vita ya Abushiri, watu wa pwani wakiwapinga Wajerumani, ilikuwa imewaka, akakamatwa, akaachiwa kwa fidia. 1889 alirudi na Purtscheller, mzoefu wa milima ya Alps, na akapanga chakula kipandishwe kwa zamu kutoka Marangu kwa Mangi (mtawala wa Wachaga) Marealle. Wapagazi waliobeba mizigo ile ndio wenzao wa hawa wabeba mizigo wa mlimani tunaowaita leo wagumu.

Kambi ya juu ilikuwa kama mita 4,300. Tarehe 3 Oktoba wazungu wale walichonga vidato kwenye barafu ngumu kama kioo, karibu mapigo 20 ya shoka kwa kidato kimoja. Wakafika ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, wamechoka hoi, wakaona sehemu ya juu kabisa bado iko mbele, ikabidi warudi. Siku tatu baadaye wakapita kwenye vidato vilevile na kufika. Sasa niambieni, watu waliorudi hoi vile walipataje nguvu ya kujaribu tena haraka hivyo? Walikuwa na kambi ya kurudia, na mtunza kambi alikuwa Muini Amani, mtu wa pwani, aliyebaki kwenye baridi ile wapagazi wengine waliposhuka. Bila yeye, jaribio la pili lisingekuwepo. Kwangu hiyo si kazi ya pembeni.

Mtasema: kutunza kambi si kupanda mlima. Sawa, twende Mawenzi, sehemu ya pili kwa urefu ya Kilimanjaro. Kilele chake kirefu kuliko vyote, mita 5,149, kinaitwa Hans Meyer. Meyer hakuwahi kukifikia! Alijaribu na Purtscheller mwaka huohuo, mawe yakawashinda. Waliofika kwanza ni Eduard Oehler na Fritz Klute, mwaka 1912. Kwa hiyo Meyer alipewa kilele ambacho hakukipanda, na hakuna aliyedai ushahidi wa nyayo zake pale. Lauwo ndiye tunayemhoji kila mwaka kama mshitakiwa. Hili linaniuma.

Meyer simnyimi chake. Kibo alipanda, na pango lenye jina lake njia ya Marangu libaki. Ninachotaka ni kile kilele cha Mawenzi kipewe jina la Muini Amani, na historia tunayowafundisha watoto imtaje pamoja na Lauwo, bila kulazimisha kwamba mmoja wao alisimama juu.

Hoja kwamba majina mapya yatawachanganya watalii siikubali. Kilele cha Kibo Meyer alikiita Kaiser Wilhelm. Baada ya uhuru wa 1961 kikawa Uhuru, na dunia nzima inakijua kwa jina hilo.

Karibuni. Anayepinga aanze na hili moja: Meyer alifanya nini Mawenzi kinachozidi alichofanya Muini Amani Kibo?