Maharage yetu yameoza kabla ya kuota

Swali: Walimu wenzangu, wanafunzi wangu wa Darasa la Tatu waliweka maharage kwenye pamba iliyolowa ndani ya chupa, lakini yameoza na kutoa harufu, nao wamehuzunika sana. Tumekosea wapi?

Jibu: Pole, mwalimu. Huenda maji yalizidi, kwani mbegu nayo hupumua na huhitaji hewa. Pamba iwe na unyevunyevu tu, isidondoshe maji.

Jibu: Naafiki. Aidha, zibaneni mbegu kati ya kioo cha chupa na pamba, ili watoto wauone mzizi mweupe ukichomoza kabla ya shina, kisha ilazeni chupa ubavu: baada ya siku chache mzizi utapinda kuelekea chini.

Muuliza swali: Ahsanteni sana. Kesho tunaanza upya, na chupa moja tutaijaza maji makusudi ili walinganishe wenyewe.