MREJESHO: Lile kinda la njiwa lililozaliwa kipara

Wakuu, mi yule wa Tanga niliyeuliza mbona kinda moja limejaa manyoya laini ya njano na mwenzake katoka uchi kama kidole, nikahisi anaumwa. Kumbe mzima kabisa, ni rangi tu! Aliyesema rangi zilizopauka huzaliwa na manyoya laini mafupi sana alikuwa sahihi, nimengoja hadi manyoya yakachipua vizuri nikaona kijivu kilichofifia, mwenzake kijivu cha kawaida. Na kwa vile baba na mama wote wamekolea rangi, huyo aliyepauka lazima jike, maana baba ndo kaificha hiyo rangi, na jike huirithi kwa baba tu, ila dume lazima aipate kwa wazazi wote wawili. Nilikuwa nshamtenga mwenyewe kwenye boksi, mjinga mimi, bahati mama yake alimpokea tena.