Ocean Road: jengo la Mjerumani au leba ya mama zetu?

Kota za Gerezani: Wakuu, kila anayesimulia hospitali ya Ocean Road, Dar, anaanza na Mjerumani, 1897, daktari Robert Koch na darubini yake, halafu anaruka mpaka 1996, taasisi ya saratani ilipoundwa kwa sheria. Hapo katikati, baada ya Uhuru, palikuwa wodi ya wazazi. Watoto wa mjini wa kweli tumezaliwa pale, upepo wa bahari dirishani. Hata kibao cha kumbukumbu hakuna. Mnaonaje?

Mama Chanika: "Wa kweli"! Sisi tuliozalishwa na wakunga wa jadi Kisarawe tuliokotwa?

Kota za Gerezani: Dada, nimesema wa mjini, sijasema wa maana.

Mama Chanika: Domo hilo ndilo la Gerezani lenyewe.

Mpwani Mpole: Mada jamani. Koch aheshimiwe, alikuja Dar kuchunguza malaria, na Nobel akapata 1905.

Jicho Kavu: Huyo huyo aliwadunga wagonjwa wa malale dawa yenye arseniki visiwani Ssese, wengine wakapofuka. Wawekewe kibao hao.

Mpwani Mpole: Ssese ni Uganda, mkuu. Jiografia nayo mtihani?

Jicho Kavu: Na macho ya Waganda si macho?

Kariakoo Kwetu: Mnagombania vibao, mmemruka Mwingereza. Enzi zake Ocean Road ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walikwenda Sewa Haji, hospitali iliyotokana na fedha za tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo. Bibi yangu alikuwa yaya Oysterbay, kwa Wazungu. Mtoto wa bosi kazaliwa Ocean Road, wa kwake Sewa Haji. Baada ya Uhuru mkaza mwanawe akajifungulia mlemle alimokatazwa yeye. Kwangu historia ya jengo ni hiyo.

Mama Chanika: Kumbe na wewe ni wa ukoo wa Oysterbay! Hongera.

Kariakoo Kwetu: Yaya, mama. Soma.

Fundi Ilala: Kibao mtaomba kwa nani? Barabara yenyewe ya Ocean Road 2013 wamempa jina Obama, mtu kalala Dar usiku mmoja.

Mpwani Mpole: Obama ametutangaza, acheni roho mbaya.

Fundi Ilala: Mwambie bodaboda akupeleke "Barack Obama Drive", uone kama hajakuuliza: Aga Khan au Ocean Road?

Kota za Gerezani: Mimi niliuliza leba.

Mama Chanika: Kaulize wa kweli wenzako.