Tovuti ya viwanja imeniomba NIDA ili nione bei tu, hizi taarifa zinaenda wapi?

Mama Nuru
Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wanaojua haya mambo. Natafuta kiwanja Kigamboni, nikaingia kwenye tovuti ya kampuni moja (jina naliacha), ukibonyeza "pata bei" inakuja fomu, majina matatu, simu, imeili, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), unafanya kazi wapi na mshahara wako, na usipojaza vyote haikubali kwenda mbele. Bei nikatumiwa WhatsApp, mpaka hapo sawa, ila tangu siku hiyo simu haitulii, wa mikopo, wa bima, jana kanipigia kaka wa kampuni nyingine kabisa ananitaja majina yote matatu na anajua mpaka kazini kwangu!! Kule chini wameandika "tunathamini faragha yako" na kwenye anwani kuna alama ya kufuli. Hizo taarifa wamezipeleka wapi, na naweza kuwabana wazifute?

fundi_tovuti
Pole sana dada. Mimi kazi yangu ni kutengeneza tovuti za makampuni, ngoja nikwambie inavyokuwaga. Kufuli maana yake taarifa ikiwa njiani kutoka kwenye simu yako mpaka kwenye seva yao mtu wa katikati hawezi kuisoma, basi, ikishafika kufuli halihusiki tena. Na makampuni mengi madogo fomu haiendi kwenye mfumo wowote wa maana, inaangukia kwenye imeili ya ofisi, mtu wa masoko anaikopi kwenye Excel, Excel inarushwa kwenye grupu la WhatsApp la mauzo ambalo lina maajenti wa kamisheni, ajenti akihamia kampuni nyingine anaondoka nayo. Hapo hamna mdukuzi yeyote.

Kuna kuki pia (vifaili vidogo ambavyo tovuti inaviacha kwenye simu yako ili ikutambue) na vile vifuatiliaji vya matangazo vya Facebook na Google, hivyo hata usipojaza kitu vinarekodi umefungua kurasa gani, ndo maana ukitoka hapo unakutana na matangazo ya viwanja kila kona. Vinakera ila kilichokuumiza wewe ni fomu.

Na hiyo NIDA ndo imenichefua kabisa. Tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku. Kwa hiyo mtu asiyekujua ana jina lako, simu, umri, kazi na mshahara, eti ili akuonyeshe bei! NIDA iombwe siku ya kuandikishana mkataba, mteja akiniambia niiweke kwenye fomu ya kuulizia bei namkatalia.

Mzee wa Tegeta
Lakini si alibonyeza "nakubali" mwenyewe? Kampuni nayo lazima ijue mteja yuko siriasi, watu wanaulizia bei kujifurahisha tu.

wakili_chipukizi
Hapana mzee wangu, kukubali kutumiwa bei siyo kukubali namba yako ipelekwe kwa watu wa bima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisizidi zinazohitajika kwa lengo hilo na zisigeuzwe kwenda matumizi mengine. Mama Nuru una haki ya kuambiwa wana nini chako na wamempa nani, kuomba zifutwe, na kuwazuia wasizitumie kwa matangazo ya biashara. Waandikie hayo yote. Wakikaa kimya peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile aliyoizindua Rais Samia Aprili 2024, na uulizie kama kampuni imesajiliwa kwao maana kila anayekusanya taarifa za watu anatakiwa asajiliwe. Kampuni ikithibitika imetoa au kuuza taarifa za watu kinyume cha sheria faini inaweza kufika bilioni 5, siyo mchezo.

Binti Kisauni
Huku Kenya sheria tunayo tangu 2019 na inang'ata. 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kampuni ya mikopo ya simu karibu milioni 3. Dadangu weka ushahidi mapema, piga skrinishoti ya hiyo fomu na sera yao leo leo kabla hawajabadilisha, na kila anayekupigia muulize namba yangu umeitoa wapi, andika jibu lake, tarehe na saa.

Mama Nuru
Asanteni sana jamani. Skrinishoti nimepiga. Sera yao nimeisoma yote, inaongelea haki za wakazi wa California 😳 na hakuna hata imeili ya kulalamikia. Sasa nimwandikie nani?

fundi_tovuti
Wameikopi mahali hiyo, nakutana nazo sana.

wakili_chipukizi
Mwandikie mkurugenzi. Tuma kwenye imeili yao ya kawaida halafu chapa nakala mbili upeleke ofisini kwao, moja waache nayo, moja wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe. Hiyo yenye muhuri ndo utaambatanisha ukienda Tume.